Kabla Zenith haijatupwa

Oktoba 2024 Land Rover za kila umri zilikusanyika Arusha, mamia kwa mamia, katika tamasha lililokusudia kuvunja rekodi ya dunia ya msafara mrefu zaidi wa magari hayo. Huku kwetu gari hilo halijawa kitu cha makumbusho. Lipo linalobeba ndizi, lipo linalopeleka watalii porini, na lipo linalotolewa Jumapili tu kwenda kanisani na kurudi. Kwa kuwa bado yanatembea, bado yanachoka, na kwenye yale ya petroli kitu kinacholaumiwa kabla ya vingine vyote ni kabureta.

Gari likigoma kuwaka asubuhi, ni kabureta. Likinywa mafuta, ni kabureta. Likitoa moshi mweusi mlimani, kabureta tena. Fundi anainama, anasikiliza, anatikisa kichwa na kutoa hukumu: toa hii, tufunge nyingine. Mara nyingi hiyo nyingine ni ya gari tofauti kabisa, imelala kwenye rafu ya duka la spea Kirinyaga Road jijini Nairobi au Gerezani jijini Dar es Salaam, na sifa yake kubwa ni kwamba matundu yake ya bolti yanakaribiana na yale ya injini.

Makala haya hayapingi kubadili kabureta. Kuna siku kubadili ndiyo busara yenyewe. Kinachopingwa hapa ni kubadili kwa kubahatisha, tabia iliyozoeleka gereji nyingi kiasi kwamba mwenye gari anayeuliza maswali mawili matatu huonekana msumbufu.

Tuanze na wale wa upande wa pili, wapenzi wa magari ya kale wanaoamini kwamba kufunga kabureta isiyokuja na gari ni kulinajisi. Historia haiwaungi mkono. Jina la Weber, linalotajwa leo kwa heshima popote panapozungumzwa kabureta, lilianzia kwenye kazi hiyo hiyo. Edoardo Weber alifanya kazi Fiat mjini Turin, kisha kwa wakala wa magari mjini Bologna. Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia petroli ilikuwa ghali Italia, naye akapata soko kwa kuuza vifaa vya kuyawezesha malori kutumia mafuta ya taa. Mwaka 1923 alianzisha kampuni yake Bologna, ikitengeneza kabureta za kufungwa kwenye magari ya Fiat badala ya zile yaliyotoka nazo kiwandani. Weber mwenyewe alitoweka Mei 1945, vita vilipokuwa vinafikia mwisho, wala hakuonekana tena. Fiat iliichukua kampuni hiyo mwaka 1952. Kwa hiyo kampuni ambayo mafundi wa dunia nzima wanaiheshimu ilizaliwa kutokana na shida anayoijua kila mwenye gari wa Afrika Mashariki: mafuta yamepanda bei na gari lazima litembee.

Hata Land Rover haikung'ang'ania kabureta moja. Injini yake ya petroli ya lita 2.25, au kwa hesabu kamili sentimita za ujazo 2,286, iliingia na Series II mwaka 1958 ikiwa na Solex. Katika miaka ya 1960 ikahamia Zenith 36 IV, ndiyo inayokutwa kwenye Series III nyingi hadi leo. Lilipotoka gari la 110 mwaka 1983, injini hiyo, ikiwa sasa imeimarishwa kwa beringi kuu tano badala ya tatu, ilipewa Weber yenye makoo mawili. Injini moja, kampuni tatu za kabureta, ndani ya robo karne. Mmiliki anayefunga Weber 34 ICH kwenye Series III leo anafuata njia waliyopita wahandisi wa Land Rover wenyewe kule Solihull. Ila wahandisi wale walipima kwanza.

Kipimo kinaanza kwa kuelewa kabureta inafanya nini. Haisukumi petroli ndani ya injini. Pistoni zikishuka huvuta hewa. Hewa hiyo ikipita kwenye koo jembamba la kabureta inaongeza kasi na shinikizo lake linashuka. Basi hewa iliyotulia juu ya petroli kwenye chumba cha floti inaisukuma petroli kupitia tundu la jeti hadi kooni, inakokwenda kutawanyika kama ukungu. Petroli huungua vyema ikichanganyika na hewa kwa uzito wa karibu 1 kwa 14.7. Kwa ujazo, lita moja ya petroli inataka hewa ya lita 9,000 hivi. Anayeamua uwiano huo barabarani ni jeti, kipande cha shaba kinachoenea juu ya ukucha.

Jeti za Weber huandikwa namba, na namba hiyo ni upana wa tundu kwa mia za milimita. Jeti ya 130 ina tundu la milimita 1.30, ya 135 ina milimita 1.35. Tofauti ni milimita 0.05, jicho haliwezi kuiona. Lakini eneo la tundu hukua kwa mraba wa upana wake, kwa hiyo kutoka 130 hadi 135 petroli inayopita huongezeka kwa karibu asilimia 8. Sasa fikiria kijana wa gereji anayezibua jeti iliyoziba kwa kipande cha waya, akikizungusha huku na huku mpaka mwanga uonekane upande wa pili. Shaba ni laini, waya wa chuma ni mgumu. Anapomaliza, namba iliyoandikwa kwenye jeti ni 130, ila tundu lililopo si la 130 tena. Mwezi mmoja baadaye gari linakunywa mafuta, na kabureta inapewa lawama ambayo ni ya waya. Jeti husafishwa kwa petroli au dawa yake maalumu na hewa ya kompresa, basi.

Zenith 36 IV nayo ina ugonjwa wake, unaojulikana na kila aliyeishi nayo muda mrefu. Imetengenezwa kwa aloi laini, vipande vya juu na chini vikishikiliwa na skrubu chache. Kila fundi anayeifungua huikaza tena kwa nguvu kuliko aliyemtangulia, na joto la injini linafanya lililobaki: nyuso zinazokutana zinapinda. Kati yake kuna mpira mdogo wa duara ambao miaka ikipita hukauka na kuwa mgumu. Hapo petroli inapata njia ya mkato. Badala ya kupita kwenye jeti iliyopangiwa, inajipenyeza pembeni hadi kooni. Dalili zake hazijifichi. Injini inanguruma ovyo gari likiwa limesimama, skrubu ya kurekebisha mchanganyiko haileti mabadiliko hata ikikazwa hadi mwisho, na plagi zikitolewa zina masizi meusi makavu.

Kwa mafundi wengi hiyo ndiyo hukumu ya kifo kwa Zenith. Lakini tiba yake inahitaji kipande cha kioo cha dirisha, karatasi ya msasa laini, penseli na mpira mpya. Sehemu zinazong'oka zikishatolewa, uso uliopinda unachorwa mistari ya penseli kukatisha huku na huku. Msasa unalazwa juu ya kioo, kwa sababu kioo hakina mgongo wala bonde, kisha kipande cha kabureta kinasuguliwa juu yake taratibu kwa mwendo wa namba nane, bila kukandamiza upande mmoja. Baada ya muda kinageuzwa. Mistari ya penseli itakuwa imefutika pembeni na kubaki katikati, au kinyume chake, na hapo ndipo mtu huona kwa macho yake kupinda ambako rula ilikuwa inakuficha. Inasuguliwa tena mpaka mstari wa mwisho ufutike. Inasafishwa vizuri chembe za msasa zisibaki ndani, mpira mpya unawekwa, skrubu zinakazwa kwa zamu na kwa kiasi. Kabureta iliyokuwa inakwenda jalalani inaweza kurudi kazini siku hiyo hiyo.

Je, Zenith zote huponyeka hivyo? Hapana. Ekseli ndogo inayobeba bataflai, kile kibati cha duara kinachofungua na kufunga koo, huzunguka mara nyingi mno kwa miaka 50, na tundu lake hulika. Ukiishika kwa vidole ikacheza juu na chini, hewa inaingia hapo bila kupimwa, na hakuna skrubu itakayoituliza injini. Fundi wa mashine anaweza kuichimba na kuivika bushi, ila si kila mji una fundi wa namna hiyo. Mwili ukiwa umepasuka, au spea zake halisi hazipatikani, mjadala umekwisha: badili. Ndiyo maana kubadili kunatetewa hapa. Kinachotakiwa ni ushahidi kwamba mgonjwa ni kabureta.

Ushahidi huo haukusanywi kwa sikio pekee. Pointi za distributa zilizolika, waya wa plagi unaovujisha umeme, valvu isiyofunga, gasketi ya manifoldi iliyokatika, yote hayo hulifanya gari limisi na kutikisika kwa namna inayofanana sana na ugonjwa wa kabureta. Kabla ya kununua chochote, mwenye gari ana haki ya kumwomba fundi apime kompresheni ya kila silinda, aangalie taimingi, na anyunyize maji kidogo kwenye maungio ya manifoldi injini ikiwaka. Mlio ukibadilika maji yanapogusa sehemu fulani, hapo panavuta hewa, na kabureta ya bei yoyote ile itakayofungwa juu yake itarithi tatizo hilo hilo.

Kuna kipimo kingine ambacho vitabu vya Ulaya vinatupotosha tukikisoma kama kilivyoandikwa. Geji ya vakyumu ikiunganishwa kwenye manifoldi ya injini nzima, vitabu vinasema isome inchi 17 hadi 21 za zebaki. Hiyo ni kweli Mombasa, Tanga, Mtwara. Kila mtu akipanda mita 300 kutoka usawa wa bahari, usomaji hushuka kwa karibu inchi moja. Nairobi iko mita 1,795 juu. Injini yenye afya njema kabisa pale itasoma 13 au 14, na fundi aliyekariri kitabu ataitangaza mbovu.

Mwinuko ndio jambo ambalo wauzaji wa kabureta hawauliziwi, wala wao hawaulizi. Nairobi shinikizo la hewa liko chini kwa karibu moja ya tano kuliko pwani. Hewa nyepesi ikipita kwenye koo la kabureta hubeba petroli nyingi kuliko inavyostahili. Kwa mwinuko wa Nairobi mchanganyiko hunenepa kwa karibu sehemu moja ya kumi. Kabureta mpya iliyopangwa jeti kwa ajili ya Uingereza, nchi ambayo magari mengi hayatembei mbali juu ya usawa wa bahari, itawasili Nairobi, Arusha au Njombe ikiwa inamimina mafuta kupita kiasi kabla hata haijaguswa. Mwenye gari anaambiwa kabureta mpya ina matumizi mazuri. Anajaza tangi, anaenda na kurudi, na haoni akiba yoyote. Anadhani ameuziwa feki. Huenda ni halisi kabisa, ila jeti zake ni za mahali pengine.

Kwa mtu anayeishi Nairobi, jeti kuu ndogo kwa hatua moja au mbili kuliko ile iliyokuja na kabureta ndiyo mahali pa kuanzia, kisha plagi zisomwe baada ya safari: rangi ya kahawia hafifu ni nzuri, masizi meusi ni petroli nyingi, weupe wa chokaa ni petroli kidogo. Jeti ndogo hairudishi nguvu iliyopotea kwa sababu ya mwinuko. Hewa haipo, na isipokuwepo hakuna cha kuchomea mafuta. Inachofanya ni kuzuia mafuta yasitoke bure kwenye ekzosi.

Na hapa kuna tahadhari. Gari lililopangwa kwa Nairobi likiteremka Mombasa linakuwa na petroli kidogo kuliko hewa inavyotaka, na hiyo ni hatari kuliko kuzidisha. Mchanganyiko mwembamba huchemsha silinda na kuunguza valvu, hasa mtu akiwa amebeba mzigo na mguu uko chini kutoka Mtito Andei. Anayesafiri mara kwa mara kati ya bara na pwani apangiwe jeti ya pwani avumilie hasara kidogo ya mafuta huku juu, au awe na jeti mbili na bisibisi. Tangu mwaka 1953, Safari Rally ilipoanza, madereva wamekuwa wakivuka tofauti hizo za mwinuko kwa magari ya kabureta, na waliofika walifika kwa sababu magari yalipangwa kwa ajili ya Afrika Mashariki.

Volkswagen Beetle ni ushahidi mzuri. Ilishinda Safari mwaka 1954, 1957 na 1962, ikiwa na Solex ndogo katikati ya injini. Leo wapo wenye Beetle wanaolalamika kwamba gari linasita wakikanyaga mafuta, na wanashauriwa kung'oa Solex na kufunga Weber kubwa ya makoo mawili palepale katikati. Wasichoambiwa ni kwamba manifoldi ya Beetle ni ndefu, inasafirisha mchanganyiko hadi vichwa vya silinda vilivyo mbali pande zote mbili, na kiwanda kiliweka mirija midogo ya kupitisha moshi wa moto chini ya kabureta ili petroli isigande ukutani ikiwa bado maji. Mirija hiyo ikizibwa na masizi ya miaka mingi, manifoldi inabaki baridi, na asubuhi ya Limuru unaweza kuishika kwa mkono injini ikinguruma. Petroli inaganda njiani, gari linasita. Kufunga kabureta kubwa zaidi juu ya manifoldi baridi kunazidisha ugonjwa uliokuwepo. Mirija izibuliwe kwanza.

Beetle ina somo la pili. Kabureta na distributa zake zilipangwa kama mke na mume: kuna kimrija cha mpira kinachotoka kabureta kwenda distributa, kinachowahisha cheche kulingana na mguu wa dereva. Ukifunga kabureta isiyo na tundu la kimrija hicho, au ukafunga distributa ya Bosch 009 isiyotumia vakyumu juu ya Solex ya 34 PICT-3 inayoitegemea, gari litakuwa na pengo pale unapokanyaga kutoka kwenye taa za barabarani. Wamiliki wengi wamebadili vitu hivyo kimoja kimoja kwa zamu, kila mara wakitumaini, na pengo likabaki pale pale kwa sababu walikuwa wanavunja ndoa badala ya kuipatanisha.

Kuhusu ukubwa, hesabu ni fupi na inafaa kubandikwa ukutani kwa kila gereji. Injini ya pigo nne huvuta ujazo wake wote mara moja kwa kila mizunguko miwili. Land Rover ya 2,286 ikizunguka mara 4,000 kwa dakika haiwezi kuvuta zaidi ya lita 4,600 hivi za hewa kwa dakika, na kwa uhalisia huvuta pungufu. Holley ya futi za ujazo 600, iliyotengenezwa kwa ajili ya V8 za Marekani, hupitisha lita 17,000 hivi kwa dakika. Koo likiwa pana kupita kiasi hewa inapita polepole, haishushi shinikizo la kutosha, na petroli inadondoka matone badala ya kutawanyika. Gari linapata sura ya mashindano na moyo wa uvivu. Weber 34 ICH inaifaa Series III kwa sababu haijivuni: mdomo wake ni milimita 34, mdogo kuliko 36 wa Zenith. Anayeifunga asitarajie nguvu. Injini ile ilitoka kiwandani na farasi 70 na ushei, na itabaki na hizo hizo, huenda pungufu kidogo mwendo ukiwa juu. Anachopata ni injini inayotulia ikisimama, inayowaka bila mizengwe, na kabureta ambayo vifaa vyake bado vinauzwa.

Mpaka hapa makosa yote yaliyotajwa yanagharimu mafuta na subira. Mawili yaliyobaki yanagharimu injini, na moja kati yake linaweza kugharimu maisha.

La kwanza ni kichungi cha hewa. Land Rover ilikuja na kichungi cha bakuli la oili, ambamo hewa hulazimishwa kugeuka ghafla juu ya oili na vumbi likanasa humo. Ni kizito, ni kichafu kukisafisha, na kiko sawasawa kabisa kwa barabara ya vumbi. Kabureta mpya inapofungwa, kiwiko cha mpira kinachoiunganisha na kichungi hicho mara nyingi hakiingii, kwa kuwa mdomo una upana tofauti. Kinachofuata kinajulikana: kiwiko kinafungwa kwa gundi ya karatasi na waya, au kichungi chote kinatupwa na badala yake kinawekwa kisahani kidogo cha sponji kilichonunuliwa kwa sababu kinang'aa. Vumbi la barabara za Isiolo au Kondoa ni mchanga uliosagwa. Likiingia kooni linashuka na hewa hadi kwenye ukuta wa silinda na kuanza kusaga ringi. Baada ya muda gari linatoa moshi wa bluu na kula oili, na hakuna anayekumbuka kwamba yote yalianza siku ile ya kubadili kabureta. Kazi ambayo haijakamilisha njia ya hewa kutoka kichungini hadi kooni, bila upenyo, haijaisha, na fundi asilipwe mpaka iishe.

La pili ni pampu. Kabureta za Weber hutaka petroli ije kwa shinikizo dogo, pauni 3 hivi kwa inchi ya mraba. Pampu ya umeme iliyotolewa kwenye gari la kisasa la injeksheni husukuma zaidi ya mara kumi ya hapo. Ikifungwa kwenye gari la kabureta, inaishinda sindano ya floti, petroli inafurika, inashuka nje ya kabureta juu ya injini, na chini yake kidogo ipo ekzosi ya moto. Pampu ya asili ya Land Rover inayoendeshwa na injini yenyewe inatosha kabisa. Ikifa, ifungwe inayofanana nayo, au ya umeme ya shinikizo dogo yenye swichi ya kuizima gari likipata ajali. Fundi anayesema "pampu ni pampu" asiruhusiwe kugusa gari la mtu.

Baada ya kazi kuna ukaguzi wa dakika chache ambao mwenye gari anaweza kuufanya mwenyewe. Injini ikiwa imezimwa na kichungi kimetolewa, mtu mmoja akanyage mafuta hadi mwisho huku mwingine akimulika kooni kwa tochi. Bataflai isimame wima kabisa. Ikibaki imeinama, mikono ya ekseleta haijapangwa vizuri kwa kabureta mpya, na gari litakuwa linanyimwa pumzi milele huku lawama zikiendelea. Mguu ukiachiliwa, bataflai irudi yenyewe kwa haraka na kufunga. Ikisita, gari lisiingie barabarani. Waya wa choki nao ukisukumwa ndani, choki ifunguke yote.

Soko la spea lina ugonjwa wake. Nakala za bei rahisi za Zenith na za Weber zimejaa, nyingine zikiwa na tundu la ekseli lililolegea tangu siku ya kwanza. Weber halisi za miaka hii hutoka Hispania, uzalishaji ulikohamia baada ya kuondoka Bologna mwaka 1992, na zina muhuri unaosema hivyo. Kuhusu kabureta kuukuu iliyotolewa kwenye gari jingine, wahenga walishasema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake: inunuliwe tu kama muuzaji anaruhusu ifunguliwe palepale dukani, ekseli itikiswe na jeti zisomwe namba.

Lipo pia suala la urithi, na hapa wapenzi wa magari ya kale wana hoja ya kusikilizwa. Shirikisho la kimataifa la magari ya kihistoria, FIVA, lililoanzishwa mwaka 1966, lina mkataba uliopitishwa mwaka 2012 unaojulikana kama Mkataba wa Turin. Mkataba huo haukatazi mabadiliko. Unapendekeza yawe ya aina inayoweza kurudishwa nyuma, na kwamba vipande muhimu vya asili vinavyotolewa vibaki pamoja na gari. Ni pendekezo la busara, na halina gharama yoyote. Kukata manifoldi kwa msumeno ili kabureta ya Toyota ikae, kutoboa matundu mapya, kulehemu bati juu ya chuma cha kutupwa, hayo hayarudi nyuma. Kufunga Weber kwa adapta iliyonyooka, juu ya bolti zile zile za kiwanda, kunarudi nyuma kwa spana mbili na saa moja ya kazi. Tofauti hiyo huonekana pia siku ya kuuza, mnunuzi anapofungua boneti.

Kwa hiyo kwa mwenye Series III, Beetle au gari lolote la umri huo anayefikiria kubadili: kwanza pima kompresheni, taimingi na uvujaji wa hewa, kisha ifungue iliyopo na kuinyoosha kwa kioo na msasa. Ikishindikana, nunua ndogo kuliko unavyotamani, uliza namba za jeti na useme unaishi mwinuko gani, ungojee ziletwe jeti zinazofaa hata kama ni wiki mbili. Rudisha kichungi cha bakuli. Usiguse pampu. Na wauzaji wa spea wa Kirinyaga Road na Gerezani waanze kuleta jeti za rejareja kwa namba, si kabureta nzima tu, maana jeti moja ni bei ndogo na wateja wapo. Zenith iliyotolewa isafishwe, ipakwe oili, ifungwe kwenye mfuko wa plastiki pamoja na kiwiko chake na skrubu zake zote, iwekwe chini ya kiti cha gari lile lile.